Waya gani unafaa kwa taa za bustani, za usiku mmoja tu?

Kaka wa Bwana Harusi
Asalaam aleikum jamaa. Nina jambo dogo linaninyima usingizi. Mdogo wangu anaoa, na usiku kuna chakula cha wakwe kwenye bustani ya mjomba wetu, Bwejuu. Mie nimekabidhiwa mwanga. Balbu arubaini za LED, wati 9 kila moja, kutoka soketi ya barazani mpaka mwisho wa bustani, kama mita 60. Asubuhi tunakunja. Waya gani unatosha? Naomba jibu fupi, siku zimekwisha.

Mwana wa Ng'ambo
Pilau au biriani? Jibu hilo kwanza, ya waya yatafuata.

Fundi Sumaku
Wa aleikum salaam. Balbu 40 mara wati 9 ni wati 360. Kwa volti 230 hiyo ni ampea moja na nusu na ushee. Hata waya wa milimita 1.5 za mraba kwa mita 60 utapoteza kama volti 3 tu, na hutaona tofauti kwa macho. Unene si shida yako. Shida ni ganda. Tafuta waya wa mpira mweusi wenye nyuzi tatu, ubavuni umeandikwa H07RN-F. Ule mweupe wa ekstensheni za sebuleni haukutengenezwa kulala kwenye majani mabichi na kukanyagwa na viti vya wageni. Uzi wa tatu, wa kijani na manjano, ni wa ardhi, usiuone wa ziada. Na pale barazani weka RCD ya miliampea 30, ikate umeme ukianza kuvuja. Ukitumia ekstensheni ya gurudumu, ifungue yote. Ikibaki imejiviringa na mzigo umo, inapika.
Umeshanunua chochote?

Kaka wa Bwana Harusi
Ahsante sana fundi, Mungu akubariki. Na kama ukigusa maji kidogo?

Mama Zuwena
Wanangu, kuoa ni nikaha msikitini, kahawa na halua, watu wakatawanyika. Balbu arubaini za nini? Mie niliolewa kwa karabai moja, ya kuazima kwa wavuvi, na ndoa ina miaka thelathini na nne.

Mwana wa Ng'ambo
Bi mkubwa, hiyo karabai ilirudishwa?

Mama Zuwena
Ilirudishwa kesho yake alfajiri, wenyewe walikuja kuigongea mlango. Kaa kimya.

Msafiri wa Azam
Mmenikumbusha ule mwaka wa giza. Desemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima haina umeme wa kutoka bara, miezi mitatu. Harusi ya dada yangu ikaangukia humo humo. Tukakodi jenereta, ikazima wakati bibi harusi anaingia, watu wakadhani imepangwa, wakapiga vigelegele gizani. Mpaka leo anasema hakuna harusi nzuri kama yake. Kwa hiyo usijitie presha, kaka.

Fundi Sumaku
Kaka, nimekuuliza umenunua nini, hukunijibu. Halafu maji gani? Bustani ina bomba, au unazungumzia mvua?

Kaka wa Bwana Harusi
Haya. Nshanunua. Waya wa twini, mwekundu na mweusi, roli la mita 100. Muuzaji kaniambia unabeba taa zozote. Na kipande nshakifukia mchangani, kwa hivyo kuurudisha haiwezekani.
Maji ni hivi. Bustani inaishia kwenye ukuta wa mawe, lakini meza kuu iko nje ya ukuta, pwani. Ni mita kumi na tano za mwisho tu. Siku tumeichagua makusudi, mwezi kumi na nne: saa mbili usiku mwezi umetoka na maji yamejaa karibu na ukuta. Wakwe wanatoka mjini, wataka picha. Kila kiungo nitakifunga solotepu mara tatu. Na ni usiku mmoja, jamani, si mwaka.

Fundi Sumaku
Inna lillahi.
Huo ni waya wa spika. Ganda lake halikuwekewa volti 230, wala hauna uzi wa ardhi. Solotepu kwenye maji ya chumvi ni sawa na kufunga jeraha kwa karatasi, na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko ya kisima. Mkwe wako akivua viatu akakanyaga mchanga mbichi karibu na kiungo kimoja kilicholegea, yeye ndiye anakuwa waya wa ardhi. Usiku mmoja unatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Teknolojia Zenji
Mbona rahisi? Betri ya gari, volti 12, hata ukiushika haukufanyi kitu.

Fundi Sumaku
Wati 360 kwa volti 12 ni ampea 30. Pitisha ampea 30 kwenye waya wa 2.5 kwa mita 60, utapoteza karibu volti 30. Yeye anazo 12. Piga hesabu mwenyewe, sheikh.

Mzee wa Dau
Mie nimesoma kimya tangu juu. Huyu kijana anatutungia.
Mwezi kumi na nne ni bamvu, maji makubwa ya mwezi mpevu. Maji ya bamvu hapa kwetu yanajaa karibu na saa kumi, jioni na alfajiri. Saa nne usiku yamekupwa, unakwenda kwa miguu mpaka karibu na mwamba. Hakuna maji ya kujaa saa mbili usiku mwezi kumi na nne, si Bwejuu, si Paje, si popote Unguja. Mtu aliyekaa pwani hata wiki moja hawezi kusema hivyo.

Mwana wa Ng'ambo
Aaah! Nami nilijiuliza, mtu gani anafukia waya kabla ya kuuliza waya gani? Hakuna harusi, hakuna mjomba. Pilau yangu ndiyo basi.

Teknolojia Zenji
Mtu kakaa bara huko anaandika hadithi, sisi tunampigia mahesabu.

Kaka wa Bwana Harusi
Wallahi si hadithi. Mie mtoto wa mjini, Bwejuu nimekwenda mara mbili maishani. Siku niliyokwenda kupima na mjomba maji yalikuwa yamejaa saa mbili usiku, kama hatua sita kutoka ukutani. Nikajua kila siku ni hivyo hivyo. Niacheni, nimechoka.

Mama Zuwena
Msimfanyie hivyo. Muongo angetunga vizuri zaidi.

Mzee wa Dau
Kila siku maji yanachelewa kama dakika hamsini, mwanangu. Yaliyojaa saa mbili usiku ni ya mwezi kumi na tisa, ishirini, yanaelekea maji mafu. Hayo hayapandi. Kama maji yaliyokwisha nguvu yalifika hatua sita, basi ya bamvu yatakuja kuusalimia ukuta wenyewe.
Nijibu hili: meza na waya mtavitandika saa ngapi?

Kaka wa Bwana Harusi
Vijana wanaanza saa tisa alasiri.

Mzee wa Dau
Basi mnatandika baharini.

Fundi Sumaku
Na saa moja usiku, maji yakisharudi, mtu anawasha swichi huku kila kiungo kimelowa chumvi. Kama una RCD itakata na hutojua ni kiungo gani. Kama huna, sisemi.
Sikiliza. Umeme wa nyumba uishie ndani ya ukuta, uning'inie minazini kwa kamba, juu ya vichwa, usipigiliwe misumari. Waya wa mpira mita 60, kiungo kimoja tu, ndani ya kisanduku cha kuzuia maji. Huko nje meza kuu iwekewe taa za kuchaji, zile za kubeba mkononi, kumi na mbili zinatosha. Mzichomeke mchangani baada ya isha, pakavu.

Kaka wa Bwana Harusi
Na ule wa twini nishapoteza pesa?

Mama Zuwena
Ufukue uniletee. Mie nimeishiwa kamba ya kuanikia mwani.

Mzee wa Dau
Na bahari yenu ya kwenye picha haitokuwepo usiku ule, mwambie bwana harusi mapema. Kutakuwa na mchanga, mwani, na mbalamwezi. Wakitaka maji, wapige picha saa kumi na moja, wakwe wamevaa tayari.

Mwana wa Ng'ambo
Mpaka sasa hajasema pilau au biriani.

Kaka wa Bwana Harusi
Biriani. Ya pweza.

Mzee wa Dau
Sasa ndiyo najua anatutungia.