Mnaoiweka "...And Justice for All" namba moja, hiyo besi mnaisikia wapi?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila ukianza ubishi wa albamu bora ya Metallica, ile bendi ya roki nzito ya Marekani, lazima atokee mtu aseme Justice, yaani hiyo ya 1988, na wenzake kumi wamuunge mkono. Albamu hii nimeishi nayo miaka mingi, nyimbo zote tisa nazijua kwa moyo, na nasema kwa uchungu: hiyo nafasi haistahili, na walioiponza ni Metallica wenyewe.

Jana usiku nilikaa na sabufa yangu, nikazungusha kitufe cha besi mpaka mwisho, nikaweka albamu yao ya kabla ya hiyo, Master of Puppets. Ilipofika wimbo wa Orion, kwenye dakika ya nne hivi, magitaa yananyamaza na Cliff Burton, mpiga besi wao wa wakati huo, anabaki na besi yake. Kioo cha dirisha kikaanza kutetemeka. Bila kugusa kitu kingine nikaweka Blackened, wimbo wa kwanza wa Justice. Dirisha likatulia. Nikainama, nikaweka kiganja kwenye spika. Kinachogonga pale ni ngoma ya mguu ya Lars Ulrich, mpiga ngoma wao, tak tak tak, kavu kama mtu anapiga meza kwa rula. Besi hamna. Dakika sita na ushee, hamna!

Na huyo asiyesikika, Jason Newsted, jina lake limo kwenye utunzi wa wimbo huohuo. Walimchukua awe mpiga besi Oktoba 1986, mwezi mmoja tu baada ya Cliff kufa kwenye ajali ya basi huko Uswidi. Alifanya kazi yake, akarekodi. Steve Thompson, mmoja wa mafundi waliochanganya sauti, ameshasimulia hadharani kwamba Lars alimwagiza apunguze besi hadi isikike kwa shida, halafu akamwambia apunguze tena. Apunguze tena, wakuu. Kila nikiisoma habari hiyo damu inanichemka.

Sasa chukueni To Live Is to Die, wimbo mwingine wa Justice. Karibu dakika kumi, umejengwa kwa vipande alivyoviacha Cliff. Wimbo wa kumuaga mpiga besi, wakauweka kwenye albamu waliyoifuta besi. Mnawezaje kuusikiliza huo bila kukasirika?

Msiniletee ile hoja ya "Jason alikuwa anafuata gitaa tu". Iron Man ya Black Sabbath, 1970, kwenye rifu kuu, ule mpigo wa gitaa unaojirudia, mpiga besi Geezer Butler anapita njia ileile ya mpiga gitaa Tony Iommi, na ule uzito unaowasisimua unatoka hapohapo. Kufuata gitaa ni kazi ya besi tangu zamani.

Wala msiseme hawakujua kurekodi besi. Ride the Lightning ya 1984 na Master of Puppets ya 1986 wamezirekodi Copenhagen na prodyuza Flemming Rasmussen, na ni huyohuyo aliyekuwa nao kwenye Justice. Zile mbili besi imejaa tele. Ule mwanzo wa For Whom the Bell Tolls, kwenye Ride the Lightning, ambao wengi wenu mnadhani ni gitaa ni Cliff yule, besi imetiwa mkwaruzo.

Wengine mtasema masikio yao yalikuwa yamechoka kwa ziara. Haya, 1988 tumesamehe. Mwaka 2018 wakaitoa upya, boksi zima, sauti imesafishwa, mashabiki wamesubiri miaka 30. Besi wakaiacha kama ilivyokuwa. Hapo ndipo nilipokata tamaa kabisa. Watu wamehangaika wenyewe kutengeneza matoleo yenye besi na kuyaweka YouTube, na nina hakika nusu yenu mnaoipigia kura Justice mnayasikiliza hayo. Hiyo siyo albamu ya Metallica. Hiyo ni kazi ya mashabiki.

Kwa utunzi siibishii. Wimbo wa One, wa Justice hiyohiyo, jinsi unavyoanza taratibu hadi ile ngoma kama bunduki, hakuna walichowahi kuandika cha kuuzidi. Lakini albamu inapimwa kwa kinachotoka kwenye spika, na hapo wanasikika watu watatu kati ya wanne. Mimi naanza na Master of Puppets, inafuata Ride the Lightning, Justice ya tatu, na hiyo ya tatu naitoa kwa heshima ya Newsted.

Anayebisha aweke hapa jina la wimbo, dakika na sekunde, kwenye toleo la 1988. Siyo la YouTube.