Pangaboi la zamani linazunguka namba 5 tu, 4 hadi 1 kimya

mkazi_kikuyu
Wakuu habari za majukumu. Nina pangaboi la zamani la inchi 56, lile la regyuleta kubwa nyeusi ya ukutani yenye namba 0 hadi 5. Namba 5 linazunguka vizuri tu. Nikirudisha 4, 3, 2 au 1 linasimama, hata kuvuma halivumi. Regyuleta yenyewe ni nzito kama ina chuma ndani, na harufu ya kuungua haina. Nyumba ipo Kikuyu hapa Dodoma, vumbi mnalijua. Dukani wanasema hizi hazitengenezwi, ninunue mpya. Ni kweli? Multimita ninayo na kuchomea risasi naweza.

fundi_koili
Mkuu, usiitupe. Uzito huo ni wa choki: koili ya waya wa shaba iliyozungushwa kwenye bati za chuma, ikatolewa ncha njiani. Namba 5 haipiti kwenye koili kabisa, umeme unaenda moja kwa moja. Namba 4 inapita kipande kifupi, 3 kirefu kidogo, mpaka 1 inayopita koili nzima.

Kwa hiyo ugonjwa wako unajisema wenyewe. Namba nne zote zimekufa kwa pamoja, basi waya umekatika kwenye kile kipande ambacho zote nne zinakipitia, yaani kati ya 5 na 4. Ingekufa 1 peke yake, ungetafuta kati ya 2 na 1. Na ingekuwa 3 tu haifanyi huku 2 na 1 zinafanya, hapo koili ni nzima, ni kontakti ya swichi imeshika kaboni au waya wake umeachia.

Kabla ya kufungua zima sakiti breka, usiridhike na swichi ya ukutani. Kwenye nyumba za zamani unaweza kukuta swichi imekata nyutro badala ya waya wa moto: pangaboi limetulia, lakini kwenye regyuleta umeme umejaa. Pima waya zote mbili kwa testa, ziwekee alama, ndipo uchomoe. Kisha weka mita kwenye ohmu upime 5 kwa 4, 4 kwa 3, 3 kwa 2, 2 kwa 1. Tuletee namba.

taa_ya_kijani
Kwa nini mnajitesa? Dima ya taa ni ndogo, bei chee, inaingia kwenye boksi ya 3x3 na unapata spidi unayotaka. Weka hiyo, yaishe.

waya_mwekundu
@taa_ya_kijani hapo utamchomea mtu mota. Dima inakatakata wimbi la umeme kwa triaki, swichi ya kielektroniki iliyo ndani yake. Taa ya filamenti haijali. Mota ya pangaboi ni koili, mkondo wake unachelewa nyuma ya volti, triaki inashindwa kuzima kwa wakati wake. Matokeo yake pangaboi linavuma, linapata moto, na spidi za chini linatetemeka. Zile za triaki zilizotengenezwa kwa feni huwa zimeongezewa kapasita ya maikrofaradi 0.1 na rezista ya ohmu 100 hivi sambamba na triaki, kwa ajili hiyohiyo. Hata hizo bado zinavuma kidogo.

Mwenye ya aina hiyo: pangaboi likikimbia mwendo mmoja tu na kuzungusha nobu hakubadilishi kitu, triaki imeshoti. Nyingi ni BT136, au utakuta namba nyingine juu yake, nunua ileile. Likiwa kimya kabisa, anza na rezista ya kuzungusha (kama ya volyumu ya redio), vumbi huiua mapema. Baada yake diaki, ile ndogo yenye maandishi DB3.

Ukilazimika kununua mpya, tafuta ya hatua yenye kapasita ndani. Haivumi na haipati joto la maana. Nayo ina ugonjwa rahisi kusoma. Za namba 4 mara nyingi zina kapasita mbili, maikrofaradi 2.2 na 3.3: namba 1 inatumia ya 2.2, namba 2 ya 3.3, namba 3 zote mbili, namba 4 moja kwa moja. Ukiona 1 imekufa na 3 inakwenda sawasawa na 2, iliyokufa ni ya 2.2. Badilisha kwa ya volti 250 AC au zaidi. Soma vizuri hiyo AC, maana zilizoandikwa volti 250 DC zinafanana nazo kwa umbo na hazidumu.

mkazi_kikuyu
Shukrani wakuu. Nimepima: 5 kwa 4 hakuna kitu, mita haisomi. 4 kwa 3 ohmu 21, 3 kwa 2 ohmu 24, 2 kwa 1 ohmu 38. Kontakti zina weusi kidogo.

fundi_koili
Safi. Koili yako inafaa, imekatika mahali pamoja tu. Na mara nyingi haikatiki katikati ya mizunguko, inakatika pale ncha inapotoka kwenda kwenye pini. Bati za chuma zikilegea zinatetemeka mara 100 kwa sekunde, waya mwembamba unachoka pale ulipobanwa. Toa karatasi ya juu taratibu, ufuate waya wa pini ya 5 na ule wa 4 kwa macho, na kurunzi iwe karibu.

Ukipata ncha, usichomee risasi hivihivi. Waya una vanishi, haushiki. Kwangua sentimita moja kwa msasa laini mpaka shaba ing'ae pande zote. Ungia kipande cha waya laini wenye nyuzinyuzi, ndicho kiende kwenye pini, ili waya mwembamba usivutwe tena. Tumia risasi ya elektroniki yenye dawa yake ndani. Tindikali ya mafundi bati usiiguse, inakula shaba mpaka inageuka kijani. Valisha slivu (kimrija cha kuzuia umeme), funga kwa uzi au tepu ya pamba, tepu ya nailoni italegea kwa joto. Kaza boliti za bati. Kontakti zisafishe kwa spiriti na msasa namba 400 au laini zaidi, kisha ubane kidogo bati la swichi kama limelegea.

Pima tena: 5 kwa 4 lazima isome, na 5 kwa 1 iwe jumla ya vipande vyote. Kama kipande kimekatikia ndani kabisa ya koili, hapo nunua ya kapasita. Kusukisha koili upya ni gharama ya bure.

mkazi_kikuyu
Imekubali! Ncha ilikatikia kwenye pini kabisa. 5 kwa 4 sasa ohmu 17, jumla 100. Spidi zote zinafanya. Ila likianzia namba 1 linasitasita, nalisukuma kwa fimbo ndipo linaondoka. Nikianzia 5 kisha nishushe 1 linaendelea.

waya_mwekundu
Hiyo siyo regyuleta, ni kapasita ya pangaboi lenyewe, kule juu, ndani ya kikombe kinachofunika waya zake. Ikichoka, nguvu ya kuanzia inapungua, na namba 1 volti ni ndogo tayari. Soma maandishi yake. Ikiwa maikrofaradi 2.5, kwenye mita isome kati ya 2.37 na 2.63. Kabla ya kupima gusisha ncha zake kwa rezista ya kilo-ohmu 10, usitumie bisibisi.

Jaribu pia kulizungusha kwa mkono umeme ukiwa umezimwa. Likikwaruza au likisimama haraka, grisi imekauka na vumbi limeingia. Beringi mara nyingi ni 6202 au 6201, namba ipo ubavuni.

mkazi_kikuyu
Kwa mkono linazunguka laini. Kapasita imeandikwa 2.5, mita inasoma 1.7. Dukani Majengo kuna ya 4, niichukue liwe na nguvu zaidi?

fundi_koili
Hapana. Ya 4 inasukuma mkondo mwingi kwenye koili ya kuanzia na mota itakuwa ya moto muda wote. Chukua 2.5 ya volti 440 AC.