Mawe ya chokaa kilo 250 yamechomwa, mizani inasoma 160. Hesabu imekosea wapi?

mchoma_matumbawe
Wakuu, mlinganyo ni CaCO₃ (mawe ya chokaa) → CaO (chokaa) + CO₂ (hewa ya ukaa). Mawe yaliyoingia tanuruni ni kilo 250, makavu. 250 × 56 ÷ 100 = kilo 140. Yamepoa, nimepima, napata 160. Pungufu ningeelewa, lakini zaidi?

moli_moja
Hesabu iko sawa mkuu. Uzito wa atomi: Ca 40, C 12, O 16 mara tatu, jumla 100. Ikitoka hewa ya ukaa 44, inabaki 56. Na kwa kuwa uwiano ni moja kwa moja, huna haja ya kugeuza kilo kuwa moli (kipimo cha idadi ya chembe).

Ulipoteleza ni kuchukulia kwamba kila kilichobaki ni CaO. Anzia kwenye kilichopaa: 250 − 160 = kilo 90 za CO₂. 90 × 100 ÷ 44 = 204.5, ndizo kilo za CaCO₃ zilizovunjika. Zidisha kwa 0.56, chokaa yako ni kilo 114.5. Zile 45.5 nyingine ni mawe yasiyoiva na uchafu.

mchoma_matumbawe
Nitajuaje mchanga ni kiasi gani na yasiyoiva ni kiasi gani?

kipimo_kwanza
Twanga jiwe bichi, pima gramu 10 kavu, mimina asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, kidogo kidogo, mpaka povu liishe kabisa. Chuja, suuza, kausha, pima masalia. Yakiwa gramu 0.8, uchafu ni 8%. Kwa mawe yako hiyo ni kilo 20, na CaCO₃ halisi ni 230. Toa 204.5: kilo 25.5 hazikuiva. 20 + 25.5 = 45.5, hesabu inafunga.

Dawa ya yasiyoiva ni kupasua mawe. CaCO₃ huvunjika kwenye nyuzi 900 hivi, na joto huchelewa kufika kiini cha jiwe kubwa. Vunja moja lililochomwa, utaona kiini kigumu na kizito. Ila usichochee moto kupita kiasi: chokaa iliyoungua huzimika (huungana na maji) polepole, na plasta ikishapigwa ukutani inaanza kutoa vipele.

moli_moja
Nyongeza: hakikisha ni makavu kweli. Mawe yakiwa na maji kilo 10, CO₂ ni 80 tu, na CaO inashuka hadi 101.8. Halafu pima mara yakipoa. Yakilala wazi yanavuta unyevu na kuongeza uzito.

mchoma_matumbawe
Na maji ya kuzima hizo 114.5?

kipimo_kwanza
CaO + H₂O → Ca(OH)₂. 114.5 × 18 ÷ 56 = lita 36.8, unapata kilo 151.3. Hicho ni kiwango cha chini. Mengi hupaa kwa mvuke, kwa hiyo andaa zaidi. Vaa miwani, maana inachemka na kuruka.