Kuibua mawazo na kujifunza kazini

Swali: Ndugu zangu, katika ofisi yetu hapa Upper Hill, Nairobi, vikao vya kubuni mawazo hutawaliwa na wakubwa, na mafunzo ya siku nzima husahaulika upesi. Tufanyeje?

Jibu la kwanza: Kila mmoja aandike mawazo yake peke yake kwanza, kisha yasomwe bila majina, kwani utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale uliochapishwa mwaka 1958 ulionyesha kwamba mawazo ya watu waliofikiri wakiwa peke yao, yalipounganishwa, yalikuwa mengi kuliko ya kundi lililoketi pamoja. Mkubwa aseme mwisho. Hilo nalisisitiza sana.

Jibu la pili: Mafunzo yagawanyeni katika vipindi vifupi vilivyosambazwa kwa wiki kadhaa, kila kimoja kikianza kwa kukumbuka kilichotangulia bila kutazama daftari.

Mwuliza swali: Nashukuru. Je, nani achague mawazo bora?

Jibu la kwanza: Watakaoyatekeleza.