Hifadhidata ya grafu kwa kumbukumbu ya wakala wa akili mnemba: inafaa lini?

Muulizaji

Habari zenu wanajukwaa. Ninaunda wakala wa akili mnemba anayejibu maswali kuhusu mifumo ya ndani ya shirika: nani anasimamia nini, na mfumo upi unategemea upi. Hadi sasa kumbukumbu yake iko katika hifadhidata ya vekta, yaani nyaraka zimekatwa vipande na wakala huletewa vile vinavyokaribiana kimaana na swali. Maswali mepesi anayamudu vizuri. Hata hivyo, nilipomuuliza, "Seva hii ikizimwa, ni timu zipi zitakazoathirika?", alitaja moja tu, ile iliyoandikwa katika waraka mmoja na seva hiyo, akaziacha tatu ambazo uhusiano wao unapitia mfumo mwingine katikati. Je, nihamie kwenye grafu, au nitajiongezea kazi bure?

Jibu la 1

Ndugu muulizaji, tatizo lako ndilo hasa grafu iliundwa kulitatua. Vekta hupima ufanano wa maana, haifuati njia. Katika grafu, seva, mfumo na timu ni nodi, yaani vituo vya grafu, na "hutegemea" au "husimamia" ni kiungo chenye jina na mwelekeo, hivyo swali lako linageuka kuwa safari: anzia kwenye seva, fuata viungo vya "hutegemea" kinyumenyume hadi viishe, kisha orodhesha timu zinazosimamia kila ulichokikuta njiani.

Kuhama kwenyewe si lazima. Toleo la mwaka 2023 la SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata za majedwali, liliongezewa sehemu iitwayo SQL/PGQ, ambayo huruhusu majedwali ya kawaida yaulizwe kama grafu, ingawa si kila hifadhidata imeshaitekeleza. Mwezi Aprili 2024 ISO, shirika la kimataifa la viwango, ikachapisha GQL, lugha sanifu ya kuuliza grafu, iliyorithi mengi kutoka Cypher, lugha ya maulizo ya hifadhidata ya grafu ya Neo4j. Ninakushauri uandike kwa kufuata viwango hivi kadiri inavyowezekana, kwa sababu injini za grafu huja na kuondoka: Kuzu, iliyopendwa na wengi kwa wepesi wake, ilisitishwa na waundaji wake mwaka 2025.

Jibu la 2

Ninakubaliana na mwenzangu, ila kazi ngumu ni kuijenga grafu yenyewe. GraphRAG ya Microsoft, zana ya kujenga grafu kutokana na nyaraka iliyotolewa kwa umma mwaka 2024, huiachia modeli ya lugha isome kila kipande, ichomoe majina na mahusiano, kisha makundi ya nodi zilizoshikamana yaandikiwe muhtasari. Njia hiyo husaidia sana kwa maswali mapana yanayogusa nyaraka zote, lakini ni ghali, kwa kuwa modeli husoma kila kitu kabla hata swali la kwanza halijaulizwa.

Sisi tuliumia mahali pengine. Mfumo mmoja ulijitokeza kama nodi tatu: "Mfumo wa Malipo", "malipo" na "malipo-2". Wakala alianzia kwenye nodi ya pili, hakukuta kiungo chochote, akajibu kwa uhakika kabisa kwamba hakuna timu itakayoathirika. Tangu hapo nodi za mifumo huundwa kutokana na rejista rasmi pekee, kila moja na kitambulisho chake, na modeli inaruhusiwa kupendekeza viungo tu.

Muulizaji

Ninashukuru sana. Rejista tunayo. Je, timu ikikabidhi mfumo kwa timu nyingine, kiungo cha zamani nikifute?

Jibu la 3

Usikifute, kifunge kwa tarehe. Graphiti, maktaba huria ya kumbukumbu za mawakala, huweka nyakati za aina mbili kwenye kila kiungo: wakati jambo lilipokuwa kweli, na wakati mfumo ulipolifahamu. Habari mpya ikipingana na ya zamani, ile ya zamani huwekewa tarehe ya mwisho, na hivyo wakala anaweza kueleza ni nani aliyesimamia mfumo siku hitilafu ilipotokea.

Jambo moja zaidi, na hili ninalisisitiza: usimwachie wakala aandike Cypher apendavyo kwa akaunti yenye ruhusa ya kufuta. Mtengenezee maulizo machache yaliyokwisha kupimwa, mathalani "walioathirika na seva hii", uyafikishe kwake kama zana kupitia MCP, itifaki ya kuunganisha mawakala na zana, kwa akaunti ya kusoma tu, yenye kikomo cha muda na cha idadi ya hatua. Kisha anza na lile swali la seva, kwa kuwa majina ya timu zote nne unayajua tayari.