Tupeane uzoefu: Lost ilikuachaje? Watu wa Kigoma na Tabora tukutane hapa

MwishoWaReli
Wakuu habari za jioni. Leo nimepita pale Mwanga kwa kijana anayejaza watu muvi kwenye flashi, nikakuta kaandika kwa maka peni kwenye boksi "LOST YOTE SIZONI 1-6" aisee nikashindwa kupita. Mimi hii tamthilia ya Kimarekani ya watu walioanguka na ndege kisiwani niliiangalia enzi za zile diski za mchanganyiko, sizoni nzima imebanwa kwenye diski moja, picha ina ukungu, na umeme wetu wa Kigoma enzi hizo ni wa majenereta kwahiyo unakatika palepale Locke, mmoja wa walionusurika, anapiga magoti juu ya mlango wa handaki na taa inawaka chini. Kule Marekani ilianza kituo cha ABC mwezi wa 9 mwaka 2004 ikaisha mwezi wa 5 mwaka 2010, sisi inatufikia ikiwa imeshapoa lakini kwetu ni ya moto. Mpaka leo sijawahi kukaa na watu wawili walioimaliza wakakubaliana. Msimamo wangu ni kwamba hakuna tamthilia niliyoiona ikaifikia na mwisho wake umekaa sawa kabisa, najua wengi mtanipinga. Uliiangalia wapi, na nani, na episodi ya mwisho ilikuacha na hali gani? Karibuni.

Mnyamwezi_wa_Isevya
Umenikumbusha mbali sana mkuu. Sisi diski zilikuwa zinashuka na treni kutoka Dar, tunajua kabisa siku ya treni kuingia Tabora tunaenda kukaa pale laibrari ya video tunangoja boksi lifunguliwe. Ukichelewa unakuta sizoni ya 3 imeshakodiwa na mwenye nayo kaondoka nayo Urambo.

BintiUjiji
Nakupinga mwenye mada na sitaki kuremba. Waliotengeneza hii kitu walitudanganya. Unanipa dubu mweupe wa barafuni kwenye kisiwa cha joto, unanipa namba 4 8 15 16 23 42, unanipa yule mtoto Walt unaniambia ana nguvu za ajabu, unanipa wanawake wakibeba mimba kisiwani wanakufa, mimi nakaa nahesabu maswali kwenye daftari, ndio, nilikuwa na daftari kabisa, halafu mwisho wa siku unanipeleka kanisani watu wanakumbatiana wanatabasamu mwanga unaingia mlangoni imeisha. Walt yuko wapi?? Baba yake Michael yuko wapi?? Na Mr. Eko je? Mwafrika mmoja wa maana mle ndani, Mnigeria, ana historia nzito na mdogo wake Yemi aliyekuwa padri, anatembea na gongo lake kaandika maandiko, sizoni ya 3 mapema tu ule moshi mweusi unaoua watu unambamiza chini kwenye miti basi. Ile siku nilizima deki sikuiwasha wiki nzima.

Katubuka_Boy
Dada hapo kwa Eko usiwalaumu waandishi. Adewale Akinnuoye-Agbaje mwenyewe ndiye aliyeomba kutoka, hakutaka kuendelea kuishi Hawaii kule walikokuwa wanarekodi. Na dubu alijibiwa, waliletwa na wale Dharma, watafiti waliokuwepo kisiwani zamani, kwa ajili ya majaribio, yale mazizi ya chuma aliyofungiwa Sawyer yalikuwa yao. Walt naye kosa ni umri, sizoni nne za kwanza pale kisiwani ni kama siku mia tu, lakini mtoto anarekodi miaka na miaka, kawa mrefu kumzidi baba yake. Wangefanyaje?

BintiUjiji
Wangeandika tangu mwanzo wakijua mtoto anakua. Watoto wote duniani wanakua.

Mnyamwezi_wa_Isevya
Hapo kasema kweli.

Cheyo_Juu
Nyie mnabishana bure wakati wote walikufa kwenye ndege tangu episodi ya kwanza. Kisiwa ni toharani.

MwishoWaReli
Hapana hapana hapana. Ndugu yangu hili ndilo linaloniumiza zaidi. Nenda kaangalie tena, baba yake Jack, yule daktari aliyekuwa kiongozi wao, anamwambia pale kanisani kwamba yaliyotokea yalitokea kweli, na kila mtu hufa siku yake, wengine walikufa kabla yake na wengine baadaye sana. Kisiwa kilikuwa kweli, ajali ilikuwa kweli, na wale walioondoka na ndege mwishoni waliondoka kweli. Ni yale maisha ya pembeni ya sizoni ya 6 peke yake ndiyo ya baada ya kufa. Kilichowachanganya watu ni zile picha za mabaki ya ndege ufukweni majina yakipita, zile ziliwekwa na kituo chenyewe ili watu watulie kidogo kabla ya taarifa ya habari, hazikuwa sehemu ya hadithi.

Cheyo_Juu
Sasa kama kila mtu lazima arudie mara ya pili ndio aelewe, si wameandika vibaya hao?

Mama_wa_Kibirizi
Mimi niliangalia na marehemu baba. Ikifika ile Jack analifungua jeneza la baba yake porini analikuta tupu, mzee alikuwa ananiambia rudisha nyuma, narudisha. Sikuwa naelewa kwanini anataka kuona tena. Kwangu hiyo tamthilia mwisho wake ni mzuri, sina cha kuongeza.

Mnyamwezi_wa_Isevya
Pole sana mama. Apumzike kwa amani mzee wetu.

Bweni_la_Tatu
Mimi Lost sikuiona kwanza, niliisikia. Nilisoma bweni Tabora, shule siitaji, taa zikizimwa kuna jamaa mmoja alikuwa anaiona likizo kwao Dar anakuja kutusimulia kitanda kwa kitanda, anaigiza mpaka sauti ya ule moshi, anabofya meza anasema dakika 108 zimekaribia kuisha nani anakwenda kuingiza zile namba kwenye kompyuta ya handakini, watu wanatetemeka kwenye neti. Mlinzi wa usiku mwenyewe alikuwa anasimama dirishani anasikiliza. Sasa likizo moja jamaa hakwenda Dar, akarudi na sizoni nzima kaitunga mwenyewe kichwani, Sayid kaoa, yule mbaya Ben Linus kawa mwema kaokoka, Hurley kanunua kisiwa kwa hela za bahati nasibu. Tuliamini wote. Nimekuja kuiangalia yenyewe nikiwa mkubwa nikakuta Sayid yule yule wa Iraq anakufa na bomu kwenye nyambizi, na wale mke na mume Sun na Jin wanazama wameshikana mikono wana mtoto mdogo yuko kwao Korea. Nasema kwa dhati kabisa ya yule jamaa ilikuwa nzuri zaidi.

BintiUjiji
Sun na Jin usiniguse. Jin angetoka. Mtoto alikuwa anamhitaji mzazi mmoja.

Katubuka_Boy
Alimuahidi hatamuacha tena.

BintiUjiji
Alimuahidi mke, na mtoto je?

KalyaKwetu
Jamani ngoja niandike kitu ambacho huwa sikisemi, maana kila nikisoma watu wanasema Jack anaboa, Jack anajifanya kiongozi, damu inanichemka.

Mimi kwetu Kalya, kusini huko mwa ziwa. Mwaka huo nilikuwa natoka Kigoma mjini narudi nyumbani na boti la mizigo, yale ya mbao, tumepakia Kibirizi simenti, magodoro, kreti za soda, madumu ya mawese, na watu juu ya mizigo. Laptopu yangu ilikuwa na sizoni ya 5 sijaimaliza. Tumetembea mchana wote vizuri, tumepita Sigunga, usiku upepo wa kusi ukaanza, na mashine ikazima. Fundi anavuta kamba, anavuta, inakohoa inazima. Mawimbi ya Tanganyika ukiwa juu ya mifuko ya simenti ndio utajua hili ni ziwa la aina gani. Nahodha alinyamaza kimya kabisa, na nahodha akinyamaza watu wanaanza kusali kwa sauti, Waislamu hapa, Wakristo pale. Alfajiri tukajikuta tumesukumwa kwenye ufukwe chini ya milima ya Mahale, boti limelala ubavu kwenye changarawe, mbao imepasuka mbele. Barabara hakuna, mtandao wa simu hakuna, kijiji hakionekani.

Maji hayakuwa shida, ziwa la maji baridi lile. Shida ilikuwa chakula na shida ilikuwa watu. Wakatokea wa kusema tutembee kufuata ufukwe na wengine wanasema tukae na mzigo, wakaanza kutukanana. Kuna mfanyabiashara alikuwa na magunia ya unga na mkate, kakalia gunia lake kashika panga, anasema mali ya watu Kalya hii, sifungui. Na kuna mama kijana mtoto wake anachemka homa. Halafu kutoka juu msituni ikaanza sauti, kitu kinapiga gogo du du du du, na makelele yanapanda yanapanda, nawaapia nilihisi moshi mweusi unatoka. Kijana mmoja jirani yangu akasema kabisa kwa sauti "Lost hii" na hakuna aliyecheka. Kumbe ni sokwe, wanapiga mizizi ya miti, wenyeji wa kule wanajua.

Sasa alikuwepo mwalimu mmoja wa msingi, mwembamba, hakuwa na sura ya ukubwa. Akasimama katikati, akatoa daftari la wanafunzi, akamwambia yule wa panga, kaka naandika hapa kila mtu atakachokula na atakulipa, na mimi nasaini wa kwanza, kama hawakulipi nidai mimi. Akaandika. Jina, kilo, sahihi. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba kwa masizi ya sufuria. Akapanga zamu za moto, akawakataza wa kutembea wasiondoke bila kuacha majina, akanituma mimi mtoto wa shule kushika tochi. Wapo waliomchukia, wanamwita bwana mkubwa, nani kakuchagua. Na ilikuwa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa hawatoki na taa zao, kwahiyo ziwa lilikuwa tupu. Moto wake ndio uliotuokoa, boti la watu wa Buhingu liliuona mwali likaja kuangalia nini kinaungua.

Ndio maana Jack akipiga kelele pale ufukweni kwamba tusipoishi pamoja tutakufa mmoja mmoja, mimi siwezi kumuona kama anaboa. Sijali maswali ya dubu. Walioandika ile walikuwa wanajua watu wanakuwaje wakishaanguka mahali.

Cheyo_Juu
Hii chai mkuu.

Katubuka_Boy
Chai gani wewe wa Tabora unajua ziwa? Nyie mna bwawa la Igombe tu. Mbalamwezi dagaa hawavuliwi, hilo hata mtoto wa Bangwe anajua, mtu hawezi kutunga hiyo.

Cheyo_Juu
Igombe imeingiaje sasa? Tunazungumza tamthilia.

Mama_wa_Kibirizi
Mwanangu KalyaKwetu pole. Yule mtoto wa homa je?

Bweni_la_Tatu
Na mwenye unga alilipwa????

KalyaKwetu
Mtoto alipona mama, tulifika Buhingu akapata dawa zahanati, juzijuzi nimeambiwa anaendesha bodaboda. Mwenye unga wengi walimlipa, wengine kwa migebuka. Wawili hawakulipa na mwalimu alilipa kutoka mfukoni kwake, mshahara wa mwalimu wa msingi mnaujua.

BintiUjiji
Taja vijiji vya hao wawili watafutwe.

MwishoWaReli
Wakuu nawaomba turudi kwenye mada. Ingawa KalyaKwetu umenimaliza.

Ipuli_Mpya
Mimi mgeni jamani. Mnaniambia niianze au niache? Nina bando la usiku tu.

Katubuka_Boy
Anza leo leo. Episodi mbili za mwanzo tu zitakushika.

BintiUjiji
Angalia sizoni ya kwanza na ya pili, Eko akifa funga, nenda kalale.

MwishoWaReli
Usimsikilize huyo, utakosa mambo makubwa ya Desmond. Vumilia katikati ya sizoni ya 3 pale wanapozunguka zunguka, waandishi wakuu wenyewe Lindelof na Cuse walikuja kupewa tarehe ya kumalizia ndio hadithi ikanyooka. Ya 4 ni fupi sababu ya mgomo wa waandishi wa 2007 mpaka 2008, na ndio tamu kuliko zote.

Bweni_la_Tatu
Mtafute mtu akusimulie, utaokoa bando.

Cheyo_Juu
Usiangalie na mchumba. Mimi tuligombana kwa ajili ya Kate, mimi nasema aende na Sawyer yeye anasema Jack, mpaka mama yake akauliza hao ni akina nani wa mtaa gani.

Mnyamwezi_wa_Isevya
Na zile namba usizipeleke kwenye kubeti. Jamaa yangu hapa Kanyenye kila wiki anazichezea hajawahi kushika kitu.

Katubuka_Boy
Mbona zimewahi kukaribia? Januari 2011 kule Marekani bahati nasibu ya Mega Millions ilitoka 4, 8, 15, 25, 47 na ile ya mwisho 42. Maelfu ya mashabiki walikuwa wamecheza hizo namba alizoshindia Hurley kwenye tamthilia, waliopatia nne wakalamba dola 150 kila mmoja.

Mnyamwezi_wa_Isevya
Usiseme hivyo, akisoma ataongeza dau.

Ipuli_Mpya
Jamani nimeshaanza, niko episodi ya 4, Locke alikuwa kwenye kiti cha magurudumu kabla ya ajali kumbe! Nimesimama peke yangu chumbani. Ila nyie mmeshaniambia Eko anakufa, Sun na Jin wanazama, na mwisho kanisani.

MwishoWaReli
Funga huu uzi sasa hivi usisome tena hata mstari mmoja. Ukifika sizoni ya 4 episodi ya 5, ile Desmond anapiga simu mkesha wa Krismasi, urudi hapa utuambie kama kuna mwenye haki ya kuitukana Lost.

BintiUjiji
Akirudi aje na daftari.