Mheshimiwa leo katuhesabia chaguzi zake juu ya jeneza!

Mjukuu wa Kihamba:
Wakuu, nimetoka kuzika Kibosho sasa hivi, udongo bado uko kwenye viatu na mikono inatetemeka. Watu wa Moshi mnamjua, simtaji. Yule yule.

Tumemzika mama mkubwa. 2015 alikuwa wakala wa huyu bwana, enzi zile yuko upinzani. Kura za udiwani zilihesabiwa usiku kucha, mama mkubwa hakutoka hata kwenda msalani mpaka akashikishwa nakala ya fomu 21C, ile ya matokeo ya udiwani. Akaitunza sandukuni pamoja na cheti cha ndoa. Mpaka anakufa ilikuwa humo.

Leo mheshimiwa kapewa maikrofoni atoe pole, dakika mbili tu. Kaongea mpaka mtori ukaganda kwenye masufuria! Kaanza 2010 alivyoshindwa, kaja 2015 alivyoshinda, kaja 2018 alivyohamia chama tawala "kuunga mkono juhudi" akapita bila kupingwa. Kura za maoni za ubunge 2020 kazipita mbio, maana alipata tatu: yake, ya mkewe na ya aliyekosea jina. Halafu kaweka mkono juu ya jeneza, kasema: "2015 nilipambana peke yangu."

Peke yangu! Mkono uko juu ya jeneza la wakala wake!

Mangi Njoro:
Pole kwa msiba mkuu. Ila 2015 Lowassa kashahamia upinzani, huku hata mgomba ungesimamishwa ungepita.

Mjukuu wa Kihamba:
Mgomba ungekesha kulinda kura? Peke yake, mkuu! Na jeneza kalishika!

Kahawa Chungu:
Mzee Ndesamburo kakaa bungeni kwa Moshi Mjini toka 2000 hadi 2015. Misiba niliyomkuta sikumsikia akijihesabia.

Dereva wa Noah:
Ukoo mzima mmekosa mtu wa kuchomoa waya wa spika? Mmemlea wenyewe, sasa mnakuja kulia huku.

Mjukuu wa Kihamba:
Nilisimama, mjomba akanivuta koti. Hamkuona ule mkono nyie.

Kijenge Juu:
Afadhali wenu anaongea. Wetu huku Arusha anakuja na wapiga picha wawili, anamwaga udongo mara tatu mpaka picha itoke vizuri.

Mangi Njoro:
Arusha tulieni, huu ni uzi wa Moshi.

Dereva wa Noah:
Bahasha ya rambirambi ilikuwa na ngapi?

Mjukuu wa Kihamba:
Elfu kumi. Ila hoja yangu ni jeneza.

Kahawa Chungu:
Kumi?! Kwetu Machame alitoa ishirini.

Mangi Njoro:
Kwenye msiba wa kule Pasua hakutoa kitu, alikula na akafungiwa nyama ya kwenda nayo.

Kijenge Juu:
Nyama ipi, mbuzi au ng'ombe?

Mangi Njoro:
Mbuzi. Paja zima.